Sura ya Tano: Mabao Yaliyoripotiwa Kuibwa

Mwanamke aliingia kituoni saa mbili na robo asubuhi, Jumatano, wakati ambao kaunta huwa haina mtu isipokuwa konstebo wa zamu na kikombe chake cha chai. Hakuna aliyemtarajia, na yeye hakuuliza amwone nani. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wageni, akaketi kando ya kabati kubwa la chuma la mafaili, akaweka mkoba mapajani na kusema kwa sauti ya mtu aliyerudia maneno yake njia nzima:

“Nimekuja kuchukua mzigo wa baba yangu. Mko nao mwaka wa kumi na moja sasa.”

Konstebo alishusha kikombe. “Mama, hapa si posta.”

“Najua si posta. Posta wangekuwa wameshauleta.”

Inspekta alikuwa anapita na jalada kwapani. Alisimama. Pale kituoni alijulikana kwa mambo mawili: lenzi ndogo ya kukuzia maandishi aliyoiweka mfuko wa shati, na tabia ya kutoacha kitu njiani. Alikuwa ameongoza dawati la upelelezi kwa miaka miwili, na Jumatatu ijayo orodha ya wanaopandishwa cheo ingetoka makao makuu. Jina lake lilikuwemo. Mama yake alikwishawaambia majirani wa pande zote nne.

Alimtazama mgeni. Pini tatu kwenye ukosi wa blauzi. Vumbi la chaki ya buluu kwenye ncha za vidole.

“Wewe ni fundi cherehani,” alisema.

“Na wewe ni mpelelezi, maana umeziona pini. Haya, nitafutie na huo mzigo.”

Konstebo aliinamia chai yake ili asionekane akicheka. Inspekta akavuta kiti.

Fundi alitoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa stakabadhi ya kielelezo, ile nakala ya kaboni anayopewa raia akikabidhi kitu polisi. Wino wa buluu ulikuwa umefifia, lakini namba ilisomeka: 212. Tarehe ilisomeka pia. Maelezo yalikuwa mafupi: *bahasha moja ya kaki, ndani karatasi arobaini na moja.* Penye mpokeaji palikuwa na mchoro kama mkia wa panya, na namba ya askari ilikuwa imeliwa na mkunjo.

“Baba amefariki mwezi uliopita,” Fundi alisema. “Nilikuwa nalifumua koti lake nimpunguzie mdogo wangu. Hii niliikuta imeshonewa ndani ya bitana. Ameishona mwenyewe, na mishono yenyewe mibaya, kwa hiyo nikajua ni kitu alichokithamini.”

“Karatasi hizo arobaini na moja zilikuwa za nini?”

“Fomu za mechi. Baba alikuwa kibarua kiwanda cha magunia, na akaichezea timu ya kiwanda misimu mitatu. Watu walimwita Msiba.”

“Msiba?”

“Kwa sababu akifunga bao hakurukaruka. Aliinamisha kichwa akarudi katikati ya uwanja kama anatoka makaburini. Uwanja mzima unapiga kelele, yeye kimya.”

Inspekta alijikuna kidevu. Mpira aliujua. “Timu ya magunia nimeisikia tangu mtoto. Lakini mfungaji wao mkubwa alikuwa Karani. Mabao sitini na nane. Amehojiwa redioni mara ngapi sijui.”

“Kila mtu anamjua Karani,” Fundi alisema. “Shida ndiyo hiyo.”

Akaieleza bila kuzungukazunguka. Ligi ile ya viwanda iliruhusu waajiriwa wa kudumu tu. Kibarua wa siku hakupewa kadi ya usajili. Katibu wa timu alimwona kibarua mmoja akipiga mpira wakati wa mapumziko, akatamani kulia. Akachukua kadi ya karani wa ofisi, mtu asiyejua hata kuuzuia mpira, akampa kibarua achezee kwa jina hilo. Msiba akafunga, refa akaandika jina la Karani. Misimu mitatu. Katibu alipokaribia kufa alimwita Msiba, akampa fomu zote. Akamwambia, hizi ni zako.

“Jumamosi klabu inasimamisha ubao wa wafungaji getini,” Fundi akaendelea. “Jina la juu kabisa ni la Karani. Nimekwenda kwa kamati. Wamesema niwapelekee ushahidi Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Baada ya hapo mchoraji anapaka rangi, na rangi ikishakauka hakuna wa kuirudia. Ushahidi mnao nyinyi.”

“Mwaka ule kituo hiki kilikuwa na uzembe,” Inspekta alisema kwa upole. “Mimi mwenyewe nilipitia hapa miezi mitatu kwa mafunzo ya vitendo, najua. Nitaitafuta bahasha yako, dada.”

“Nataka na jina.”

“Jina?”

“La aliyeipokea. Nyinyi huwa mnasema ‘tunashughulikia’, kisha kitu kinapatikana chenyewe au kinapotea chenyewe. Hakuna mtu. Baba alikuja hapa kwa miguu, alikabidhi kwa mtu mwenye mikono. Nataka jina la huyo mtu, limeandikwa kwenye karatasi, nikaliweke pamoja na stakabadhi hii.”

“Utalipata,” alisema Inspekta. “Kabla ya saa kumi, Ijumaa. Nakuahidi.”

Ahadi ilimtoka kwa urahisi kabisa.

*

Hatua ya kwanza ilipaswa kuwa kitabu cha matukio cha tarehe ile, lakini chumba cha majalada ya zamani kilikuwa kimepuliziwa dawa ya mchwa na hakingefunguliwa mpaka Alhamisi. Akaanza na daftari la stoo ya vielelezo. Mia mbili na kumi na moja ilikuwepo, baiskeli bila gurudumu. Mia mbili na kumi na tatu ilikuwepo, panga. Katikati palikuwa na mstari mtupu.

“Huyo ni Sajini Stoo,” konstebo alisema bila hata kuulizwa mara mbili. “Mzee yule aliuza mpaka kofuli za stoo yenyewe. Muulize mtu yeyote.”

Inspekta aliuliza watu watatu. Wote walisema Sajini Stoo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufanya kazi naye.

Mchana alimkuta mzee mwenyewe nyuma ya nyumba yake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, anatengeneza feni ya mezani. Alikuwa amestaafu miaka tisa, na alimpokea mgeni kama mtu aliyekuwa akimngoja tangu siku ya kwanza ya kustaafu.

“Namba ngapi?” aliuliza kabla ya salamu kuisha.

“Shikamoo mzee. Mia mbili na kumi na mbili.”

“Marahaba. Ngoja.”

Akaingia ndani na miguu yake yenye maji, akarudi na madaftari ya shule yaliyofungwa kwa mpira wa tairi. “Daftari la serikali lilikuwa lao. Haya yalikuwa yangu. Nilijua iko siku mtanisingizia, nikasema basi siku hiyo nisiwe mjinga.” Akalamba kidole, akafunua. “Haya. Soma mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeongeza.”

Inspekta akasoma. *212 haikuletwa stoo. Nimeulizia kaunta mara mbili. Nimejibiwa ni takataka za mzee mmoja.*

“Nani alikujibu?”

“Vijana wa kaunta. Walikuwa na siku yao ya kucheka.” Sajini alirudisha miguu kwenye beseni. “Eti mzee amekuja kuripoti wizi wa mabao. Walicheka wiki nzima, kijana wangu. Walikuwa wanaulizana, mwizi alitoka na nyavu au aliacha nyavu. Lakini mimi sikucheka.”

“Kwa nini?”

“Nilimwona akicheza. Nilikuwa na umri wako, napangwa kulinda uwanja. Krosi ikaja nyuma yake, mbaya, ya kuachana nayo. Yeye akaiua kwa kisigino bila kugeuka, kisha akageuka yeye mpira ukiwa bado umelala pale pale, akapiga. Kipa alikuwa amekwishaanza kumlaumu beki wake kabla mpira haujafika wavuni. Na yule bwana akainamisha kichwa akaondoka. Nilishika bunduki siku hiyo nikasahau ni ya nini. Refa akaandika Karani. Nikajua uongo, nikanyamaza. Haikuwa kazi yangu.” Akaipuliza vumbi feni. “Ndiyo nilivyojiambia.”

Inspekta aliandika. Kalamu yake ilikuwa imepunguza mwendo. “Huyo aliyesema ni takataka, unamkumbuka?”

“Sura nazisahau, namba sizisahau, na yule hakuwa na namba ya kudumu. Alikuwa mwanafunzi wa mafunzo. Mchekeshaji. Walimpenda sana kaunta.”

“Wanafunzi walikuwa wangapi mwaka ule?”

“Wawili tu. Mmoja msichana.”

Feni ilikuwa imewaka, inazungusha hewa ya moto. Inspekta alishukuru, akasimama. Maji ya kunywa aliyoletewa yalibaki mezani, glasi imejaa.

*

Alhamisi saa moja asubuhi aliingia chumba cha majalada peke yake, leso puani. Dawa ya mchwa ilichoma macho. Kitabu cha matukio cha mwaka ule kilikuwa rafu ya chini. Alipofika kwenye tarehe hakuhitaji lenzi.

Ni vigumu mtu kuukana mwandiko wake. Unaweza kubadilisha sahihi ukiwa mkubwa, na yeye aliibadilisha. Ule mkia wa panya aliuacha chuoni. Lakini herufi ya “g” yenye tumbo kubwa ilikuwa yake, na ile tabia ya kupigia mstari neno linalochekesha ilikuwa yake pia.

*Amefika mzee mmoja, kibarua wa zamani, anadai* mabao yake yameibiwa. *Mabao sitini na nane. Mshukiwa: redio. Ameleta karatasi. Hajui kusoma, anaomba asomewe zimeandikwa nini. Ameshauriwa akapumzike nyumbani.*

*Mshukiwa: redio.* Alikumbuka jinsi sentensi hiyo ilivyosomwa kwa sauti mezani wakati wa chakula, na jinsi sajini wa kaunta alivyompiga begani na kusema kijana huyu atafika mbali.

Alimkumbuka na mzee. Hakumkumbuka uso. Alikumbuka kofia aliyoivua na kuishika mbele yake kwa mikono miwili, na swali alilouliza: “Basi nisomee hata moja, mwanangu. Nijue refa aliandika nini.” Naye akamjibu kwamba polisi si shule ya watu wazima. Akamkatia stakabadhi ili aondoke.

Inspekta alifunga kitabu. Alikaa juu ya boksi la majalada kwa muda ambao baadaye hakuweza kuuandika kwenye taarifa yake, kwa sababu hakuangalia saa.

Kisha akafanya kazi yake. Bahasha haikufika stoo, na haikutolewa nje, maana mzee aliondoka mikono mitupu. Kwa hiyo ilibaki kaunta. Wiki ile kulitokea nini kaunta? Alirudi kwenye kitabu, akafunua kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Jumanne: *Limepokelewa kabati moja la chuma la mafaili.* Sakafu ya pale iliinama upande wa dirishani. Kila droo ikivutwa kabati lilicheza kama jino bovu, na sajini wa kaunta akauliza nani atalitafutia kitu cha kuweka chini. Aliyejitolea alikuwa yeye.

Alikwenda kaunta akapiga magoti kando ya benchi la wageni.

“Afande, umeangusha kitu?” konstebo aliuliza.

“Nisaidie kuinua.”

Waliinua wakihema. Chini ya mguu wa nyuma palikuwa na kibunda cha karatasi ya kaki kilichokunjwa mara mbili, kimebonyea katikati, kimezungukwa na kutu yenye umbo la mguu wa kabati. Konstebo alikiokota, akakipuliza, akataka kukitupa ndooni.

“Hapana,” alisema Inspekta. “Nipe.”

Kabati liliporudi chini lilicheza. Konstebo akaangalia kabati, akaangalia bahasha, akaangalia uso wa mkubwa wake, akaamua kwamba chai imepoa na inahitaji kupashwa moto chumba kingine.

*

Fomu zilikuwa arobaini na moja kamili. Kutu ilikuwa imepenya zile za juu tu. Inspekta alizitandaza mezani na kuzisoma moja baada ya moja, kwa sauti ya chini, jina la timu, uwanja, refa, idadi ya mabao. Hakukuwa na mtu wa kumsikia. Alisoma hivyo hivyo mpaka ya mwisho.

Kila fomu ilikuwa na safu tatu: jina la mchezaji, sahihi, mabao. Beki alisaini, kipa alisaini, winga alisaini kwa mbwembwe. Penye jina la Karani, katika fomu zote arobaini na moja, hapakuwa na sahihi. Palikuwa na alama ya dole gumba.

Karani, mtu aliyelipwa kwa kuandika, alikuwa anasaini kwa dole gumba.

Alituma mtu kwa Fundi, akaletewa kadi ya kibarua ya baba yake, ambayo nayo ilikuwa na dole gumba pembeni ya picha. Chini ya lenzi alama zilifanana mstari kwa mstari. Na palikuwa na jambo jingine lisilohitaji utaalamu: kovu lililokata dole kutoka pembe hadi pembe, la mtu aliyewahi kushikwa na mashine ya kushonea magunia. Lilikuwepo kwenye kadi. Lilikuwepo mara arobaini na moja kwenye fomu. Mabao alipoyajumlisha yalikuwa sitini na nane.

Alasiri alikuwa sebuleni kwa Karani. Mzee alikuwa mkarimu, msafi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Ukutani palikuwa na picha ya timu.

“Mwanangu, unataka nikuanzie bao gani?” alisema, akijiweka sawa kitini. “Lile la kisigino?”

“Kabla ya hilo, mzee wangu, nisainie hapa kwamba nimefika. Utaratibu tu.”

Karani alisaini. Sahihi ilikuwa nzuri kama pambo la kitambaa, ina mizunguko na mstari wa chini.

“Mwandiko huu umeupata lini?”

“Tangu shule. Mimi nilikuwa karani, bwana, si kuli.” Alicheka. “Bosi alikuwa anasema barua zangu zinatamanisha hata ukifukuzwa kazi.”

Inspekta aliweka fomu moja mezani, kisha ya pili, kisha ya tatu. Karani alivaa miwani. Kicheko kilibaki usoni kwa muda, hakina kazi.

“Siku hizo ulikuwa umeumia mkono?” aliuliza Inspekta.

“Hapana.”

“Mechi arobaini na moja.”

“Hapana, mwanangu.” Karani alivua miwani. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mtu anayezungumza kanisani au msikitini akiwa amechelewa. “Nilikuwa nafungiwa ofisini. Siku za mechi za nyumbani katibu alinifungia kwa ufunguo ili nisionekane, maana Karani hawezi kuwa uwanjani na kwenye kibaraza wakati mmoja. Sijawahi kuona hata bao moja. Niliyasikia dirishani. Kelele zikipanda nasema, hilo langu.”

“Na la kisigino?”

“Nimehadithiwa. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzaha. Wa pili nikazoea. Kiwanda kilipofungwa watu wakaanza kunisalimia njiani kwa ajili ya mabao, nikaitikia. Watoto wangu wamekua nayo. Sasa hivi nikilala naota nafunga, na guu linalopiga najua kabisa si langu.” Akatazama fomu. “Alikuja hapa mara moja. Baada ya kunisikia redioni. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, ‘Wewe kaa na jina, nitajie tu kwamba nilikuwepo.’ Nikamwambia nitamtaja. Baadaye nikahojiwa mara nne.”

“Ulimtaja?”

Karani alivuta ile karatasi ya utaratibu, akaigeuza upande wa pili, akaandika maelezo yake yote kwa mwandiko wake mzuri. Alipofika chini hakusaini. Alifungua droo, akatoa kidau cha wino wa muhuri, akabonyeza dole gumba.

“Ili na mimi niweke langu mara moja,” alisema.

*

Ijumaa saa nane mchana Mkuu wa Kituo alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma. Alikuwa mtu mwema aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na hakupenda makaratasi yanayozaa makaratasi.

“Bahasha imepatikana. Karani amekiri. Mpe mama wa watu vitu vyake, apeleke kwa kamati, baba yake aandikwe. Kila mtu anafurahi. Jina la nini?”

“Nilimwahidi, afande.”

“Ulimwahidi hujui unachoahidi.”

“Ndiyo, afande.”

“Andika ‘mpokeaji hakutambulika’. Namba imeliwa na mkunjo, si ndiyo? Hujadanganya.”

“Nimemtambua.”

Mkuu aligeuka. “Sikiliza, mdogo wangu. Ukijaza kitabu cha malalamiko, nakala inakwenda makao makuu leo leo. Jumatatu orodha inatoka bila wewe. Shauri likianza, ni mwaka, ni miaka miwili, hujui utakuwa wapi. Kwa kosa la kijana wa miaka ishirini na tatu. Hata sheria ya wizi wa mabao haipo.”

“Hakuja kutaka sheria. Alitaka asomewe.”

Mkuu akaangalia kitabu cha malalamiko mezani, chenye kurasa zilizopigwa namba ili hata moja isichanwe, kisha akachukua kofia yake. “Mimi natoka kidogo. Nitarudi saa kumi na nusu. Sitaki kujua.”

Fundi alifika saa tisa, ametembea haraka, uzi mweupe umenasa kwenye sketi. Inspekta alimpa bahasha, ile kadi ya kibarua, na maelezo ya Karani. Fundi alizihesabu fomu, akazipanga, akatazama ile alama ya mraba ya kutu.

“Hii ni nini?”

“Mguu wa kabati,” alisema Inspekta. “Lile pale. Siku ya Jumatano ulikaa kando yake.”

Fundi aliligeukia kabati.

“Na jina?”

Alimsogezea kitabu kikiwa wazi. Mistari alikuwa ameijaza asubuhi, kabla ya kwenda kwa Mkuu, ili akitoka huko asipate nafasi ya kufikiri upya. Ilieleza tarehe, namba ya stakabadhi, yaliyosemwa na mzee, yaliyojibiwa, bahasha ilipowekwa na nani aliiweka. Chini, kwenye kaboni, palikuwa na nakala mbili za kuchanwa: moja ya mlalamikaji, moja ya makao makuu.

Fundi alisoma taratibu. Alipofika mwisho aliinua macho hadi kwenye kibandiko cha jina juu ya mfuko wa shati la Inspekta, akarudi kwenye karatasi, akarudi tena kwenye kibandiko, kama anavyolinganisha mshono wa kushoto na wa kulia.

“Mlicheka?” aliuliza.

“Tulicheka.”

“Na wewe?”

“Mimi ndiye niliyeanza.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika ishirini. Kamati ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Inspekta alisubiri aseme neno, lolote. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi tangu Alhamisi, na sasa akayaona mepesi, akayameza.

“Baba alirudi siku ile akatuambia polisi wamezipokea vizuri,” Fundi alisema. “Alisema kijana mmoja amempa na risiti. Alifurahi.”

Akachana nakala yake, akaikunja mara nne, akaisimamisha njiani kabla haijaingia mkobani. Aliifungua tena. Akageuza upande wa pili, akarudisha wa kwanza.

“Haijagongwa muhuri,” alisema.

Inspekta alivuta muhuri na kidau cha wino, akaigonga. Kisha akavuta kitabu, akaigonga na ile inayokwenda makao makuu.